Neno Alilonituma Pacha Wangu

Mimi na kaka tulizaliwa siku moja, yeye akitangulia, na baba alipenda kusema mbele za watu kwamba Mungu amempa Esau na Yakobo wake. Watu wa kijiji chetu cha Ikinga walicheka: Yakobo gani huyu anayevaa gauni? Lakini baba alikuwa mzee wa kanisa, na Maandiko hakuyafanyia mzaha. Aliamini Mungu huwachagua walio wake kabla hawajatoka tumboni. Utotoni niliona raha kusikia hivyo. Yakobo ndiye aliyechaguliwa, kwa hiyo nilidhani mimi nimeshapita.

Serikali ilipofungulia watu biashara, kaka alikwenda Tunduma, akawa anavusha mitumba na sabuni mpakani. Huko akaoa mke wa pili, mwanamke wa upande wa Zambia, na baraza la wazee likamtenga. Baba ndiye aliyeisoma barua ile kanisani, kwa Kiswahili chake cha mimbarani, bila kutetereka. Tulipofika nyumbani aliingia jikoni kwa mama, akalia kwa Kindali, lugha yetu ya nyumbani.

Miaka tisa kaka hakuonekana. Mama aliugua, nikamuuguza mimi. Mama akafa, yeye akafika tumeshazika, ana mfuko wa sukari mkononi. Sukari! Akalala siku mbili, akaondoka tena.

Kisha akarudi moja kwa moja, amebaki mifupa na macho. Ugonjwa wenyewe tuliujua. Miaka ile nani hakuujua? Wake zake wote wawili walikuwa wameshamwacha. Baba akampa chumba cha uani. Chakula hakumnyima, ila maneno hakumpa.

Kwetu, juma la kabla ya Meza ya Bwana, mzee wa kanisa hupita nyumba kwa nyumba akimuuliza kila Mkristo kama ana neno moyoni. Aliyetengwa haulizwi. Huyo lazima amtume ndugu yake kwa mzee, aseme kwamba anataka kutubu, ndipo mzee aje kwake.

Jumatatu ya juma hilo kaka alinyoa ndevu, akavaa shati jeupe, akakaa mlangoni kwake. "Mwenzangu," akaniita, "niendee kwa baba. Mwambie nataka kurudi."

Nilikuwa natoka kuchuma kahawa, kikapu kichwani, mgongo unaniuma. Hasira ikanipanda. Miaka yote hiyo nimeibeba nyumba peke yangu, na leo bwana mkubwa amevaa shati!

"Ngoja na wewe," nikamwambia. "Sisi mbona tulikungoja?"

 Aliitikia kwa kichwa tu, kama mtu anayejua anastahili.

Kesho yake baba alianza mzunguko na nyumba yake mwenyewe, kama kawaida, Biblia kwapani. Akaniuliza kama nina neno moyoni. Nikasema sina. Akasimama pale uani, akautazama mlango wa kaka kwa muda, mimi nikiendelea kuchambua kahawa. Halafu akaenda kwa jirani.

Nilikusudia kumwambia Ijumaa, kabla mzunguko haujaisha. Haki ya Mungu, nilikusudia. Alhamisi asubuhi nikampelekea kaka uji, nikamkuta amekufa, shati lile lile mwilini.

Tulimzika bila kengele wala mchungaji. Majirani walifukia haraka wakaondoka. Baba alibaki kaburini, na mimi nikabaki naye kwa sababu sikujua pa kwenda.

"Nilikuwa namngoja," akasema. "Nilijua kama ni wa Mungu, Mungu mwenyewe atamsukuma aombe. Hakukutuma neno lolote?"

Ningeweza kusema alinituma. Ulimi wangu hakuna aliyeushika, si Mungu wala shetani. Niliona aibu, nikamwogopa baba, basi.

"Hapana, baba."

"Basi hakuwa wake," akasema. Akapangusa udongo magotini, tukateremka nyumbani.

Hakumtaja tena. Alikufa akiamini kwamba mwanawe yuko motoni, na kwamba Mungu ndiye aliyetaka iwe hivyo. Kila Jumapili alimshukuru Mungu huyo kwa sauti inayokatika, na mimi nimekaa benchi la pili, naitikia amina.

Siku hizi anayepita ni mzee mwingine, mtu mpole sana. Juma lililopita alikuja, akaketi, akafungua Biblia yake.

"Mama, una neno lolote moyoni?"

Nikamwambia sina, nikamkaribisha chai.