Kitambaa cha Kanga Juu ya Kifusi

Habari za kifo chake zilinikuta Kagongwa, nikisubiri mpunga wangu ukobolewe. Aliyenipigia simu alisema tu, "Yule mzee wa tsunami ametutoka," na sikuhitaji kuuliza ni nani, kwa kuwa katika ukanda wetu huu usio na bahari alikuwepo mmoja tu. Alizaliwa Masumbwe, akasoma hadi wenzake wakachoka kumsubiri, kisha akatumia maisha yake ya kazi pwani, akitafiti mawimbi yanayozaliwa pale sakafu ya bahari inaposhtuka. Moyo wake ulisimama akiwa anakunywa chai ya asubuhi. Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua kwamba sitoi sifa za bure. Nilirudi kutoka ughaibuni na stashahada yangu ya ufundi mitambo, nikajenga karasha zangu za kusaga mawe ya dhahabu bila mjomba wa kunishika mkono, na wasomi hawanibabaishi. Huyu alinitia hofu, na hofu hiyo hatukuizika pamoja naye.

Alipostaafu alirudi nyumbani, akaja siku moja kuangalia mashine zangu. Nikamtania, "Mzee, huku kwetu tsunami itatokea wapi, kwenye pipa?" Hakucheka. Aliomba karai, akalijaza maji, akajenga rundo la mchanga mbichi ukingoni, kisha akaliporomosha kwa kiganja. Maji yaliruka upande wa pili yakalowesha viatu vyangu vya ngozi, ambavyo hapa Masumbwe hakuna mwingine aliye navyo. Akanieleza kwamba wimbi la namna ile halihitaji bahari. Linahitaji maji yaliyotulia na kitu kizito cha kuyasukuma ghafla, iwe ni tetemeko chini yake au mlima unaoangukia ndani. Pwani alikuwa akiigawa bahari katika vipande vidogo ndani ya kompyuta na kukokotoa maji yatakavyopita kutoka kipande hadi kipande, ili ajue yatafika mlango wa nani. Huko, alisema, pengine bahari hurudi nyuma kwanza, na anayeijua dalili hiyo hukimbia. "Lakini kwenye shimo dogo maji hayana pa kutawanyika, wala hayakuagi. Ukisikia kishindo, wimbi limeshafika."

Nilijua anasema nini. Nyuma ya mahali ilipokuwa karasha yangu kuna shimo kubwa la mgodi wa zamani, limejaa maji hadi huoni chini. Upande mmoja kimesimama kifusi kirefu kama kilima. Upande wa pili, ukingoni, wachimbaji wadogo huosha mchanga wao, na Mama Kulwa huwapikia wali na maharage. Tulipanda juu ya kifusi, naye akanionyesha ufa uliojipinda kama mundu. Akagongomea vigingi viwili, kimoja kila upande, ili apime unavyopanuka. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwani kwetu mtu mwenye miwani akigongomea kigingi ardhini, ameona dhahabu. Kesho yake tulikuta vigingi vimeng'olewa na vijana wanachimba palepale kwenye ufa.

"Wanangu, hapa hapana mali. Hiki ni kifusi, kitaanguka," aliwaambia.

"Shikamoo, mtaalamu," akajibu mmoja bila kuacha sururu. "Wanaosema hapana mali ndio hao hao huja usiku na jembe."

"Na ufa huu?"

"Ufa ndiyo njia yenyewe, baba! Mali hupita wapi?"

Wakacheka, na mzee akaanza kuokota vigingi vyake. Aliyemsaidia ni Mama Kulwa. Alichana ukingo wa kanga yake kuukuu akampa. "Gongomea tena, baba, kisha ufunge hiki katikati. Wakikiona watasema ni dawa ya mganga. Hakuna atakayegusa."

"Mimi na vyeti vyangu vyote, Mama Kulwa, nigeuke mganga?"

"Bora mganga anayesikilizwa."

Alikifunga, kikalegea kama bembea juu ya ufa. Akamwambia, "Siku utakayokiona kimenyooka kama kamba ya kuanikia nguo, beba sufuria zako uondoke." Kweli hakuna aliyekigusa. Ila wachimbaji walisema mganga hapotezi dawa yake mahali pasipo na dhahabu, wakahamia chini, wakaanza kuchokonoa tako la kifusi, mahali pabaya kuliko pale pa kwanza. Mimi niliondoa karasha yangu wiki hiyohiyo nikaipandisha mlimani. Walioniita mwoga hawajawahi kununua mashine kwa jasho lao.

Juzi, tulipotoka kuzika, nilipita kule nikiwa bado na vumbi la kaburi kwenye suruali. Kitambaa kilikuwa kimenyooka. Nilikigusa kwa kidole kikatetemeka. Nilishuka mbio, na Mama Kulwa aliponiona usoni alijua kitambaa kimenyooka. Aliimwaga chai ya watu, akapanga sufuria kichwani, akasema "wabeja", yaani asante ya Kisukuma, akapanda njia ya mlimani. Niliwapigia kelele waoshaji. "Bosi, mganga wako ameshakufa, dawa imeisha nguvu!" alijibu mmoja, na wenzake wakampigia makofi. Nimekwenda pia kwa wenye mamlaka. Wamesema watakuja kuangalia.

Nimewaza sana tangu siku hiyo. Utafiti wote wa mawimbi, kompyuta na ramani zake, huishia kwa mtu mmoja anayeamua kuinua sufuria yake au kuiacha jikoni. Mzee aliweza kukokotoa maji, lakini hakuweza kukokotoa namna watu wanaoishi kwa kutafuta dhahabu watakavyosoma kigingi. Methali yetu ya kuziba ufa iliwahusu wenye kuta. Ufa wa kifusi hauzibwi, unakimbiwa, na ukikimbia, kimbia ukimwita jirani, hata akikucheka.

Jana nilirudi tena. Mafiga ya Mama Kulwa hayakuwa yamepoa, maana mwanamke mwingine ameshabandika maharage juu yake, akishukuru kupata mahali penye wateja. Nilimweleza yote. Aliyatazama maji, yametulia kama kioo, akaniuliza kama nitakula.