Hesabu Iliyoishia Arobaini

Mwaka uliopita walikuja kisiwani kwetu Ndau wale waliogharamia utafiti wa watoto wachanga. Hawakuja kutibu mtu. Walikuja kujipima wenyewe: pesa walizozimwaga kwetu zilileta faida gani? Nyumbani kwangu waliingia wawili, bibi mmoja wa Kizungu na msichana wa bara wa kumfasiria. Nilichaguliwa kwa kuwa mwanangu wa kwanza alizaliwa wakati wa utafiti huo.

Nilivyoingoja siku hiyo, Mungu ndiye ajuaye. Nilitaka boti yao irudi. Zamani zile walikuwa na boti ya injini, ikikaa papa hapa gatini, na mzazi akipata shida anavushwa hima mpaka hospitali. Mwanangu mwenyewe alivushwa nayo, alipozaliwa hana pumzi, wakamrudisha akilia. Hilo siwezi kulikana. Nilikuwa nikiwaombea dua kila baada ya sala.

Lakini walimfuata mpaka arobaini tu. Kwetu arobaini ndipo mama anapotoka nje na mtoto wake, watu wanapika, watoto wa mtaa wanagombea bisi, maisha ndiyo kwanza yanaanza. Kwao ulikuwa mwisho wa kuuliza. Mtoto wao wa mwisho alipotimiza arobaini, walifunga mizigo wakaondoka, na boti wakaenda nayo.

Kufikia hapo mwanangu alikuwa ameanza chuo cha Kurani, Alhamdu anaijua yote, na mtundu huyo! Kuku wa mtaa mzima walikuwa wakimkimbia. Akashikwa na kuharisha. Asubuhi aliomba uji, adhuhuri macho yameingia ndani. Zahanati wakasema avushwe. Avushwe na nini? Wenye vyombo wote wako baharini. Nilikaa gatini nimempakata, namwambia inakuja, mwanangu, inakuja. Ilipotokea mashua ya mtu, sikuwa na mgonjwa tena.

Mama mkwe alinionya kabla ya wageni kuingia. "Mwanangu, sema mazuri. Ukiwapa habari za kaburi watatahayari, na boti haitaiona ndia ya hapa tena." Masikini, naye alikuwa akiitaka boti. Mimi niliona kinyume: wakijua yaliyotokea baada yao, watairudisha wenyewe. Nani ajue hivyo akanyamaza? Ndivyo nilivyofikiri, mjinga mimi.

Bibi aliuliza kama mtoto alitimiza arobaini akiwa hai. Nikasema ndiyo. Akaandika, akatabasamu.

"Mwambie sasa amekufa," nikamwambia msichana. "Mwambie! Na habari ya boti mwambie."

Akamwambia. Bibi wa watu akavua miwani, akanishika mkono, machozi yakamtoka kweli kweli. Nami nikalia. Nikasema moyoni, haya, leo limesikika. Lakini kalamu ilikuwa imelala juu ya mkeka.

"Mbona haandiki?"

"Mama," msichana akasema kwa upole, "wanapima vifo vya watoto wachanga tu. Mwanao alishapita hapo. Kwa hesabu yao yumo katika waliopona. Utafiti ulifaulu sana, sasa pesa zinakwenda nchi nyingine."

"Kwa hivyo kwao yu hai?"

Akainamisha kichwa. "Kwa hesabu, ndiyo."

Wallahi nilitaka kumpiga mtu. "Basi mwambie anipe! Mwambie amlete hapa, Idi i karibu, sijamshonea kanzu!"

Nilipiga ukelele hata mama mkwe akaja mbio mlangoni. Bibi akamgeukia msichana, akamwuliza nimesema nini. Msichana akajibu kwa maneno machache. Kizungu chake sikukielewa, isipokuwa neno moja ambalo hapa hata watoto wanalijua: tenkyu.

Bibi akanifinya mkono, akaokota kalamu, akaandika.