Sukuma Wiki Isiyoimba

Wanaosema hadithi za zamani zilikuwa za kubembelezea watoto hawakulelewa Kaloleni ya Nairobi, mlango wa pili na bibi mmoja jirani yetu. Alikuwa Mswahili wa pwani, mjane wa fundi wa reli, mpole hata kuku wa majirani walimzoea. Lakini hadithi zake zilijaa damu. Mtoto alitwangwa kinuni. Zimwi lilimeza kijiji kizima na mbwa wao. Tulimsikiliza kibarazani kwake baada ya yeye kuswali magharibi, tumeshikana mikono kwa woga, na kesho yake tulirudi kudai nyingine.

Miaka ya sabini ilikuwa inaelekea ukingoni mama yetu alipofariki. Kifua kilimsumbua muda mrefu. Mdogo wangu, msichana ambaye hata shule hajaanza, wakubwa walimwona hawezi safari, akaachwa kwa bibi. Mimi na baba tukapanda gari lililobeba jeneza mpaka kwetu, mbele ya Kakamega. Tuliporudi mtoto akauliza mama yuko wapi. Baba hakuwa mtu wa maneno mengi.

"Mama tumemzika nyumbani," akamwambia.

Mtu mzima yeyote wa Nairobi angeelewa. Mjini tulikuwa na nyumba za kupanga tu. Nyumbani ni kule tulikotoka, kwenye makaburi ya wazee. Ila mdogo wangu alizaliwa Kaloleni na hakujua kwingine kokote. Neno lile lilimwingia jinsi lilivyo, likakaa naye kimya kimya.

Mwaka haujaisha, baba akaleta mwanamke mwingine. Alikuwa kijana wa upande wa kwetu, mchapakazi, mikono yake haitulii. Baba alitwambia tumwite mama. Mimi nilimwita, maana baba nilimjua. Mdogo wangu hakumwita kitu. Akitaka maji alikwenda kusimama kando ya mtungi mpaka mtu amwone. Mwanamke wa watu alijaribu kila njia. Alimsuka nywele, akamwekea kipande kizuri cha samaki, akamshonea rinda kutoka kwenye gauni lake mwenyewe. Siku moja nilimkuta amekaa jikoni peke yake, analia na kitunguu hakipo. Nilimwonea huruma, na huruma hiyo nayo iliniudhi, kwa sababu niliona kama namsaliti mama.

Kitu cha kwanza alicholeta yeye mwenyewe katika nyumba ile kilikuwa bustani. Alilima kipande cha ardhi nyuma ya jiko, palipokuwa na magugu, akapanda sukuma wiki. Ikashika vizuri.

Basi jioni moja bibi akatusimulia ya mama wa kambo. Sidhani alikuwa na nia mbaya. Ilikuwa imemjia tu. Mama huyo alichimba shimo, akamtuma mtoto wa mwenziwe aangalie kama lina maji, akamsukuma na kufukia. Juu yake zikaota mboga. Kila aliyegusa jani alisikia sauti ikiimba kutoka chini: ng'oa taratibu, hizo ni nywele zangu. Baba mtu akasikia. Akamlazimisha mkewe afukue kwa kucha zake, na msichana akatoka mzima, akajikung'uta udongo. Mama wa kambo akaingizwa yeye shimoni. Sisi tukapiga makofi.

Asubuhi iliyofuata mama yule mpya alitoka na ndoo, nami nyuma yake na karai la nguo. Bustani yote ilikuwa imeng'olewa. Mdogo wangu alikaa katikati ya mboga zilizolala, amelibana shina moja sikioni.

"Wewe, umefanya nini?"

Hakukimbia. "Mama haimbi," akasema.

"Mama gani?"

"Mama yangu. Baba alisema mmemzika nyumbani. Umempandia mboga juu."

Mama akanigeukia. Nilimweleza hadithi ya bibi kwa maneno machache. Nilitarajia fimbo, kwani mboga zile alizimwagilia kwa maji ya kubeba kutoka bombani. Aliweka ndoo chini, akakaa kwenye udongo na leso yake safi kiunoni.

"Nyumbani si hapa, mtoto wangu. Ni mbali, kwa babu yako. Mama yako amelala huko."

"Nani alimuua?"

"Hakuna aliyemuua. Alikuwa mgonjwa, dawa zikashindwa."

Siku hizi nasikia wazazi wakizilaumu hadithi zile kwa ukatili wake, na huwa nakasirika. Ukatili ulikuwa katika jibu lile la kweli. Kwa bibi kulikuwa na mkosaji, na mkosaji aliweza kushikwa shingo akaambiwa afukue. Sisi tulikuwa na kifua kibovu na kitanda cha hospitali, na hakuna wa kushikwa shingo. Nilimwona mdogo wangu akilipima jambo hilo, uso umekunjwa.

"Sasa nani atamfukua?" akauliza.

Mama akamvuta mapajani pamoja na udongo wake, na mtoto hakumkatalia. Alilia mpaka sauti ikamkauka, akiita mama, mama, na mwanamke yule akawa anaitika kila mara, ingawa hakuna kati yetu aliyejua anaitwa yupi.