Dansi na Tatamoke

Mwalimu wetu wa dansi alikuwa amejifunza kazi yake juu ya barafu. Alitueleza hivyo siku ya kwanza, katika ukumbi wa chuo cha ualimu pale Kisii, kwa Kiswahili chake cha vitabuni. Kwao, alisema, maziwa huganda wakati wa baridi, na mwanamume na mwanamke huvaa viatu vyenye visu chini, hushikana na kuteleza kwa kufuata muziki huku majaji wakiwatazama. Sisi barafu tuliyoijua ni ya mvua ya mawe, ile inayochana majani ya chai na kuyeyuka kabla mtu hajamaliza kuilaani.

"Na visu hivyo, mwalimu, ni vya kumchinja nani?" mtu aliuliza kutoka nyuma.

"Anayekosea," alijibu, na tangu hapo tulimpenda.

Barafu hakuwa nayo, lakini alikuwa na sakafu ya saruji. Aliipaka nta nyekundu, akatutuma kuisugua kwa magunia mpaka ikang'aa, kisha akatuambia tuvue viatu tubaki na soksi. Wengi walianguka, wakacheka, wakaenda kucheza mpira. Mimi nilibaki. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sitini, na mashindano ya dansi ya wawili wawili yalikuwa yanakuja mjini kwetu, na majaji wake kutoka Nairobi. Wale ambao wangewapendeza wangechukuliwa kwenda kufunzwa huko mwaka mzima. Ualimu niliusomea kwa sababu ndio uliokuwepo. Mwaka ule wa Nairobi niliutaka mimi mwenyewe, kwa namna ambayo sikuwahi kutaka kitu kabla yake.

Mwanamume niliyepangiwa kucheza naye hakuwa mwanachuo. Alikuwa fundi cherehani kijana, mtu wa Magwagwa, aliyeshona kwenye baraza ya duka moja mjini. Mwalimu alimwona akicheza kwenye harusi, akamfuata mpaka kwenye cherehani yake. Mgongo wake ulisimama wima bila kukakamaa, na alipogeuka ilikuwa kana kwamba sakafu ndiyo iliyogeuka chini yake.

Mazoezini tulitumia Kiswahili kwa ajili ya mwalimu, na hata alipotoka tuliendelea nacho. Kilikuwa lugha ya shule na mji, na ndani yake watu ni mimi na wewe tu. Kwa Ekegusii, lugha ya nyumbani, tungeanza pale watu wote wanapoanza: wewe ni wa nani, wa nyumba gani, babu yako ni yupi. Muhula mzima ukapita hatujaulizana. Niliujua uzito wa mkono wake mgongoni mwangu, na nilijua anavyovuta pumzi kabla ya kunizungusha. Jina la baba yake sikulijua.

Siku moja ya soko nyanya yangu alishuka kutoka Nyaramba na ndizi zake. Tulimpitia sokoni Daraja Mbili kumsalimu, mimi na fundi. Alikuwa ameketi kati ya wanawake wenzake. Alimtazama kijana, akamwuliza kwa Ekegusii, taratibu, kama mtu anayepapasa ndizi kuona kama imeiva. Wewe ni wa nani? Fundi akamtaja baba yake. Wa nyumba gani? Akataja. Nyanya akapiga makofi mara moja.

"Huyu ndiye unayecheza naye?"

"Ndiye, nyanya."

"Mnashikana?"

"Ndivyo dansi ilivyo."

"Mjukuu wangu, huyu ni baba yako!"

Wanawake waliangua kicheko. "Kumbe binti anashikwa kiuno na babake!" mmoja alisema, na mwingine akadakia, "Mtoto wa watu, mwamkie mzee basi!" Fundi alitazama chini, kwenye maganda ya ndizi.

Hakukosea nyanya. Fundi alikuwa kitinda mimba wa mke mdogo wa mzee mmoja wa kizazi cha babu yangu, katika ukoo wetu. Kwa hiyo, ingawa alinizidi umri kwa kidogo tu, alikuwa ndugu ya baba, tatamoke, baba yangu mdogo. Na kati ya baba na binti kuna chinsoni, ile haya yetu yenye sheria: hawashikani, hawataniani, na mambo ya mwili hayatajwi wakiwa pamoja.

Kwenye mazoezi yaliyofuata alisimama mbele yangu mikono ikiwa mifukoni.

"Lakini nyinyi ni rika moja!" mwalimu alisema.

"Ni baba yangu, mwalimu."

"Amekuzaa lini?"

Tulimweleza mara kadhaa. Alisikiliza kwa makini, na kila tulipomaliza aliuliza tena amenizaa lini.

Jumapili nilipanda Nyaramba. Nyanya alikuwa amekwisha kulifanyia kazi jambo hilo. Alikuwa amewauliza wanawake kuhusu mama yake fundi, akagundua kwamba mama huyo na mama yake yeye nyanya walikuwa watoto wa ndugu wawili.

"Kwa babako, ni baba," alisema, akichambua mboga. "Kwangu mimi, ni ndugu yangu. Na ndugu yangu kwako ni nani?"

"Ni babu."

"Babu! Mjukuu na babu wana haya gani? Mwite mume wako. Mwambie miguu yake imepinda. Shikaneni mchoke."

Nilishuka mjini nikikimbia. Fundi alisikiliza, akacheka kidogo, akasema, "Haya, mke wangu, tucheze." Tukacheza, na hesabu ya nyanya ikatushikilia mpaka siku ya mashindano.

Ukumbi ulijaa. Watu wa sokoni pia walikuja, wakasimama kwenye madirisha. Muziki ulianza, mkono wake ukafika mgongoni mwangu mahali pake, nasi tukateleza vizuri hadi kona ya kwanza. Hapo sauti ya mwanamke ikatoka dirishani:

"Tatamoke! Mshike mtoto polepole!"

Kicheko kikaenea kutoka ukuta hadi ukuta. Mkono wake uliondoka. Haukwenda mbali, ulibaki nyuma yangu, ukishika hewa, na hakuna hesabu iliyoweza kuurudisha. Tulizunguka ukumbi wote hivyo. Nilicheza nikifuata joto la kiganja kisichonigusa na pumzi yake kabla ya kugeuka, na sikuanguka.

Ushindi walipewa wengine. Tulipokuwa tunavaa viatu, jaji mmoja, mama mnene mwenye miwani, akaja kwa mwalimu.

"Kijana hashiki," alisema. "Huyu msichana amecheza peke yake kama aliyeshikwa. Yeye nitamchukua, nimtafutie mwenzake Nairobi. Lakini simbebi binti wa watu hivi hivi. Mzazi wake yuko?"

Baba yangu mzazi alikuwa kazini Kericho, kwenye mashamba ya chai. Nilifungua kinywa kusema hivyo, nikijua kwamba gari la majaji lilikuwa linaondoka jioni ile.

"Niko," fundi alisema. Alikuwa amekwisha kufunga kamba za viatu. Alisimama. "Mimi ni baba yake."

Jaji alimtazama kuanzia juu hadi chini. "Wewe? Baba yake?"

"Tatamoke. Baba mdogo. Nimekubali aende. Nyumbani nitawaambia mimi."

Jaji akamgeukia mwalimu, kama mtu anayetafuta mwenzake wa kucheka naye.

"Ni kweli," mwalimu alisema. "Ni baba yake."

Fundi aliniamuru, kwa Ekegusii, nikachukue sweta yangu kwa sababu njiani kuna baridi. Nikaitikia, "Ndiyo, baba," nikaenda kuichukua.