Figa la Luofu

Nikiwa msichana wa miaka kumi pale Kimemi, mjini Butembo, jikoni kwetu kulikuwa na mafiga matatu, na mawili kati yake yalikuwa mawe tu. La tatu lilitoka kijijini Luofu. Bibi yangu, ambaye sote tulimwita Mukaka kwa Kinande, alikimbia vita akiwa amelibeba mgongoni, ndani ya kitenge, wakati wenzake wamebeba nguo na unga. Lilikuwa figa la mama yake, na alikuwa na sharti moja tu kulihusu.

“Hapana tosha ile jiwe inje,” alikuwa akituambia kila tulipolisogeza kuelekea mlangoni. “Ikitoka, mutu wa nyumba ataifuata.”

Hakusema ataifuata hadi wapi. Sisi watoto tulijijibu wenyewe, na jibu letu lilikuwa makaburini.

Basi siku moja mwalimu wetu wa darasa la nne akaandika ubaoni neno patrimoine. Akatueleza kwamba ni vitu ambavyo mji umerithi kwa wazee wake, na kwamba Ijumaa kila mtoto alete kitu au mchoro, halafu tupige kura tuchague tunachokipenda kuliko vyote. Mimi na kiherehere changu nilijua papo hapo nitaleta nini. Ijumaa asubuhi Mukaka alikuwa shambani. Baba, aliyekuwa dereva wa lori la mizigo, alikuwa Beni, akitarajiwa kurudi jioni. Nikalifunga figa kwenye kitenge, nikalibeba mgongoni kama mtoto.

Wenzangu walikuwa wamechora kanisa kubwa, rond-point, yaani mzunguko wa barabara wa katikati ya mji, na maghorofa ya matajiri. Nilipofungua kitenge changu, masizi yalichafua dawati, na darasa zima likacheka.

“Ni jiwe tu!” mmoja alipiga kelele kutoka nyuma. “Kwetu kuko mingi!”

Kanisa likashinda. Figa halikupata hata kura moja, maana hata mimi mwenyewe niliinua mkono kwa kanisa. Niliona aibu. Nikalishusha, nikalisukuma chini ya dawati kwa mguu, nikaliacha huko, nikatoka mbio na wenzangu.

Nyumbani nilimkuta Mukaka amesimama na sufuria mkononi, akiyatazama mafiga mawili.

“Iko wapi?”

“Ku masomo, Mukaka.”

Hakunigombeza. Aliketi chini, akaiweka sufuria mapajani. Hapo ndipo mama aliingia kutoka sokoni, anahema.

“Banasema njia ya Beni imefungwa. Kuko masasi, banapigana. Lori ya baba yenu hakuna mutu ameiona.”

Mukaka akanitazama mara moja tu. Niliamini, kama ninavyoamini sasa kwamba nina mikono miwili, kwamba nimemuua baba yangu.

Hakuna aliyenituma. Nilipita uani, nikakimbia hadi shuleni wakati jua linazama. Mlango ulikuwa umefungwa, nikaingia kwa dirisha. Figa lilikuwa palepale, na kwa muda sikuthubutu kuligusa, nikidhani nitalikuta lina moto. Lilikuwa baridi. Nililiomba msamaha kwa sauti, kisha nikasali Salamu Maria, maana sikujua ni ombi lipi litakalosikilizwa. Nikajitwika. Njia nzima shingo iliniuma, na kila lori liliponipita niliangalia chini, nisije nikaona kwamba si la baba.

Karibu na nyumbani nilisikia watu wakiita jina langu. Mama alikuwa analia barabarani. Mukaka alilitua figa kutoka kichwani kwangu, akaliweka chini ovyo, akanishika.

“Nilisema mutu ataifuata,” alinong'ona. “Kumbe ni wewe.”

Baba alifika kesho yake mchana, vumbi hadi kwenye kope. Alikula maharage yaliyopikwa juu ya lile jiwe, akasifu chumvi. Hatukumwambia neno.

Mukaka ameshafariki. Figa liko kwangu Beni, kando ya mbabula, jiko langu la mkaa, maana siku hizi napikia hilo na figa halina kazi. Juzi binti yangu alirudi na kazi ileile ya shule.

“Mama, mwalimu anasema tulete kitu ya zamani. Niende na jiwe ya Mukaka?”

Nilifurahi hadi machozi yakanilenga. Mimi niliona aibu kuliinulia mkono, yeye amelichagua bila kuambiwa. Nikatandika kitenge, nikaanza kulifunga. Halafu nikakumbuka kwamba baba yake yuko njiani, anatoka Butembo.

“Uichore tu,” nikamwambia. “Mwalimu akitaka kuiona, akuje hapa ku jiko.”

Ukiniuliza kama ninaamini, nitakujibu kwamba sijui. Nilifungua kitenge, nikalirudisha figa mahali pake, nikaketi kando yake bila kupika chochote, hadi niliposikia pikipiki ya mume wangu ikizimwa mlangoni.