Vitochi Vilivyozama Shelly

Nilikwenda Likoni kwa sababu ya ubishi. Mwalimu wetu wa kuogelea, Bi Maimuna, alikuwa amesema mbele ya wenzangu kwamba vile vitochi vidogo vya kufunga kwenye funguo ni vya kutafutia tundu la kufuli, si vya kuingia navyo baharini. Nikamwambia nitamletea vinavyoingia. Mimi ni Kadzo, mkaazi wa Mikindani, mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, na kubisha nakujua kuliko kuogelea.

Sisi tuko wanawake watano. Huogelea Shelly, huko Likoni, alfajiri ya Jumapili, kabla ufuo haujajaa wanaume na simu zao za kupiga picha. Alfajiri ni giza, na ndani ya giza hilo Bi Maimuna hutuhesabu kwa njia moja tu: anaita jina, na aliyeitwa anaitika, "Abee!" Kila baada ya muda mfupi, majina na abee, majina na abee, kama darasa la watoto. Mtu anafumbua kinywa kuitika, wimbi linamwingia. Nikaona ni ushamba. Nikasema kila mtu avae taa kichwani, tuonane, tunyamaze.

Ijumaa jioni, nikitoka kazini Changamwe, nilimkuta mzee mmoja ametandaza turubai kando ya barabara: mikasi, betri, kucha za bandia, na hivyo vitochi, kila kimoja kikubwa kama kidole gumba. Kwenye pakiti palichorwa mtu mwenye miwani ya kupigia mbizi, na nyuma yake papa.

"Haviingii maji?" nikamuuliza.

"Mama, hiki ni wotaprufu," akasema. "Hata ukizama nacho. Wewe utakufa, chenyewe kitabaki kinawaka."

Nikacheka. Leo nikikumbuka kicheko kile naona haya, maana mtu yule alikuwa akiniuzia uongo na mimi nikamlipa na meno juu. Nikachukua sita.

Nyumbani nilivitumbukiza kwenye bilauri ya maji, kimoja kimoja. Vitano vilitulia. Cha sita kilitoa kipovu kimoja kwenye kile kitundu cha kuchajia, kikafifia, kikazima. Sasa sikilizeni kazi yangu ni ipi. Mimi hukagua vifuniko kwenye kiwanda cha mafuta ya kupikia. Dumu moja likivuja, nasimamisha mashine na kundi zima linarudi. Sibembelezwi na msimamizi wala na meneja. Lakini Ijumaa ile nilikitupa cha sita kwenye pipa, nikavifuta vile vitano kwa kanga, nikajiambia, "Hicho kimoja tu kilikuwa kibovu."

Jumamosi saa kumi jioni tuliondoka Mikindani kwa teksi ya jirani yetu Mutua, mimi na Dama. Dama ni msusi, ana saluni karibu na kwangu, na alikuwa na majuma sita tu tangu ajifunze kuelea. Mimi ndiye niliyemvuta kwenye kikundi. Hatukupitia feri, Mutua alishika barabara mpya ya Dongo Kundu, na kwa mara ya kwanza nikaiona mikoko kwa juu, kutoka darajani.

Njiani niliwasha kitochi kimoja kumwonyesha Mutua. Yeye ni mtu wa bara, na bahari huitazama kama mbwa wa jirani.

"Hii kitu ni ya funguo," akasema. "Sasa nyinyi mnaenda nayo ndani ya maji kufungua mlango gani?"

Dama akacheka mpaka akakohoa. Mimi nikamgeukia, nikampa maelekezo kwa sauti ya mtu anayejua: "Hiki utakifunga kwenye fundo la mtandio, juu ya paji la uso. Ukichoka, usihangaike. Lala chali, nyamaza, tulia. Tutaiona taa, tutakufuata."

"Umevijaribu?" akauliza.

"Nimevijaribu," nikasema.

Saa kumi na mbili jioni tulifika Likoni. Bi Maimuna anakaa nyumba ya mabati mekundu, si mbali na ufuo wa Shelly. Ni mtu wa ukoo wa zamani wa Mvita, amevuka sitini, na mabega yake ni ya mchukuzi.

"Shikamoo, Bi Maimuna."

"Marahaba, wanangu. Ndooni ndani."

Alitupa muhogo wa nazi na samaki changu wa kukaanga. Tulipomaliza nilimtandazia vitochi vyangu mkekani. Akakiokota kimoja kwa ncha za vidole, akakigeuza, akatia ukucha kwenye kile kifuniko cha mpira kinachoziba kitundu cha kuchajia. Kikafunguka bila taabu.

"Huu ndio mlango wa kuzuia bahari?" akauliza.

"Hicho hubana, Bi Maimuna."

"Hubana nini? Hata kope langu labana kushinda hiki." Akakirudisha mkekani. "Haya. Mimi ntavaa, usije ukasema nakuonea wivu. Lakini majina ntayaita."

Nikamsihi asiite. Nikamwambia tujaribu siku moja tu, akiona taa hazifai tutarudi kwenye abee zake. Alinitazama, kisha akasema, "Siku moja." Ningetaka kusema alikubali kwa kuwa nilikuwa na hoja. Alikubali kwa kuwa nilikuwa mgeni wake.

Saa kumi na moja na robo alfajiri tuliingia majini, watano: Bi Maimuna, mimi, Dama, na dada wawili wa hapo hapo Likoni. Mwezi ulikuwa haujaandama. Ilikuwa bamvua, maji yalikuwa yamejaa mpaka kwenye kuta za ufuoni, na ndiyo kwanza yanaanza kutoka. Nilitazama nyuma nikaona taa nne zikipanda na kushuka na mawimbi, ya tano kichwani kwangu, na nikajiona fundi. Raha ile haikudumu hata muda wa chai kupoa.

Cha kwanza kilikuwa cha yule dada mkubwa. Kilipungua, kikawa chekundu kama udi chetezoni, kikazima. Cha mdogo wake hakikupungua hata, kilikata tu. Nikasema moyoni, labda hawakuvifunga sawasawa. Changu kikaanza kupepesa chenyewe, waka, zima, waka, zima, halafu kikazima moja kwa moja. Nikakibonyeza kukiwasha, na nadhani hapo ndipo nilipokimaliza, kwani ukibonyeza kitufe ndani ya maji unayapisha maji yaliyobaki nje. Papa wa kwenye pakiti angeona aibu.

Nilipoinua kichwa, taa ilibaki moja.

"Hiyo ni ya nani?" nikapaza sauti.

"Yangu!" akajibu Bi Maimuna. Yeye huogelea kichwa juu kama bata; kitochi chake kilikuwa hakijaingia majini hata mara moja. "Dama yuwapi?"

Dada wale wakaitikia wako pamoja. Dama hakuitika.

"Damaaa!"

Yale maji yalikuwa yanatoka, na niliyahisi yakinivuta miguu kuelekea nje. Niliita mpaka sauti ikakwaruza. Kila wimbi jeusi nililiona lina kichwa, na kila kichwa kikawa wimbi. Bi Maimuna hakupoteza pumzi kunilaumu. Aliwaamuru dada watoke, wasimame ufuoni waendelee kuita. Yeye akarudi mbio kwenye kina kifupi, akalichukua dumu tupu la lita ishirini ambalo huliacha pale kila Jumapili, akalisukuma mbele yake. "Nifuate," akaniambia. "Unyamaze nisikie."

Tulikwenda na mkondo, si kuukata. "Maji yaliyompeleka na sisi yatupeleke," alisema. Kila baada ya mikono kumi alisimama, akaita jina mara moja, akasikiliza. Nami nilisikiliza. Sijawahi kusikiliza vile, hata kanisani.

Mbingu ilikuwa imeanza kuwa ya kijivu iliposikika, kutoka upande wa mawe, sauti ndogo iliyoshangaa:

"Abee?"

Tulimkuta amelala chali, mtandio umeshuka masikioni, anatetemeka lakini anaelea. Tukamkumbatisha dumu. Hakulia. Alinitazama mimi, akatazama ufuo jinsi ulivyokuwa mbali, ndipo midomo ikaanza kumcheza.

Saa moja asubuhi tulikuwa tumeketi barazani kwa Bi Maimuna, tumejifunga kanga, na mbele yetu chai ya tangawizi. Vitochi vilikuwa kwenye sinia. Nilivifungua kwa kisu: vinne vilikuwa na maji ya chumvi ndani, na ukivitikisa unasikia yakicheza. Ndani ya pakiti kulikuwa na kikaratasi kilichokunjwa mara nne, ambacho sikuwa nimekikunjua. Kiliandikwa kwa herufi za kusomwa na sisimizi: kinastahimili matone ya mvua, kisizamishwe majini. Yaani papa na mpiga mbizi ni mapambo, ukweli umekunjwa mara nne.

Ningeweza kuishia kwenye kikaratasi. Kilinifaa sana. Lakini Dama alikuwa amekikumbatia kikombe kama alivyolikumbatia lile dumu, nikaona siwezi.

"Vilikuwa sita," nikasema. "Kimoja kiliingia maji kwenye bilauri, Ijumaa. Nilikitupa, sikuwaambia."

Dada wale wakatazamana. Bi Maimuna akaweka kikombe chini polepole.

"Huko kiwandani kwenu," akasema, "ungaliyapitisha hayo madumu mengine?"

"La."

"Basi kumbe Dama thamani yake n'chini ya mafuta."

Hakurudia, wala hakuhitaji. Alimsogezea Dama mahamri, na mimi akanisogezea pia, jambo lililonichoma kushinda kama angeninyima.

Saa tatu Mutua alikuja kutuchukua. Alituona nyuso, akaacha mzaha aliokuja nao. Tulipita Kibundani tukaingia tena barabara ya Dongo Kundu. Kwenye daraja refu ndipo nilipopata ujasiri wa kuuliza jambo lililokuwa likinisumbua tangu majini.

"Dama, mbona hukupiga kelele?"

Alikuwa anatazama nje.

"Ya nini?" akasema. "Nilichoka, nikalala chali kama ulivyoniambia. Masikio yakawa ndani ya maji, sisikii kitu mpaka mlipokaribia. Nikatulia nikitazama nyota. Nilijua mwaiona taa yangu. Nilikuwa nawangoja."

Mutua alipunguza mwendo ingawa mbele hakukuwa na gari.

Mkikutana na watu wa kuuza vitochi, wadharauni. Mimi nawadharau mpaka leo. Kitundu cha kuchajia chenye kifuniko laini kama ukucha wa mtoto hakizuii bahari, na maji ya bilauri si maji ya Shelly. Lakini hayo mngeyajua hata bila kunisoma. Nilichojifunza mimi ni kwamba kitochi kilichozima hakikumdhuru Dama. Kilichompeleka mpaka kwenye mawe, akiwa ametulia, hana hofu yoyote, ni neno langu.