Kopo la Nyuma ya Rafu

"Wino wa mafuta unaotoka kwa maji? Huo wa watoto wa chekechea!" alifoka mpiga chapa, akalisukuma kopo nyuma ya rafu. Mkewe, aliyempangia herufi za kuchapa, akalirudisha mbele huku akikohoa. Miaka mitatu walisukumana hivyo, mzee akisafisha wino wake wa kawaida mashineni kwa mafuta ya taa na harufu ikimkaba mkewe, mpaka kifua kikamwondoa mama wa watu.

Kadi za msiba wake alizichapa kwa wino ule. Ulikoza, mweusi tii. Kisha akaosha rola za mashine kwa sabuni na maji ya beseni. Karakana nzima haikunuka chochote.

Binti yake alimkuta ameduwaa mbele ya beseni.

"Baba, umemaliza?"

"Kuosha kumechukua dakika tano tu, mwanangu," akasema. "Dakika tano."